Nilimfanya Senge akiri kula sukari ambayo hakula

Wacha nijiseme mwenyewe. Watu wa Boito, kijiji chetu, wote wanajua na bado wananisalimia kwa adabu, na hiyo adabu ndio inaniumiza. Aliyekosea ni mimi. Si daktari, si jirani, si shetani. Ni mimi, na simu yangu, na huu mdomo.

Senge ni shangazi yangu, dada ya baba. Ndiye alinilea, mimi na yeye na majani chai yake. Nikikwambia nilimpenda huyo mama, usicheke ukisikia yenye nilimfanyia. Shuleni mtoto akisema Senge hakuzaa, nilikuwa namngoja kwa geti. Mpaka leo niko hivyo. Mtu wangu ni mtu wangu.

Sasa Senge akaanza kukonda. Sketi ikawa inashikwa na pini. Anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Na mgongo unamuuma. Mgongo haukutushtua. Huku kwetu nani hana mgongo? Mtu amebeba kikapu cha majani chai tangu akiwa msichana, ukimuuliza mgongo uko aje anakuona mgeni.

Nikampeleka dispensari. Daktari alikuwa kijana tu, rika yangu. Akamdunga kidole, akasema sukari iko juu. Halafu akaanza maswali. Kwa boma lenu kuna mwenye sukari? Hakuna. Huyu mama alikuwa mnene? Senge, mnene?

Daktari akaandika kwa kadi. "Nitawapea dawa. Lakini mama wa umri huu, amekonda hivi, na sukari imekuja tu ghafla. Mpeleke hospitali kubwa apigwe picha ya tumbo."

"Daktari, tumesema mgongo," nikamwambia.

"Nimesikia. Tumbo."

Nikamuuliza kama huko chuo walifundishwa tofauti ya mbele na nyuma. Watu wa foleni wakacheka. Nikatoka hapo na dawa, nikijisikia mkubwa, na picha hatukupiga.

Kuanzia siku hiyo daktari nikawa mimi. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kwa saluni pale Litein niko na kiti na simu. Nikimaliza kichwa kimoja, kabla ya kingine, nilikuwa natazama video za sukari. Nilijua mdalasini. Nilijua bamia. Wateja wakaanza kuniuliza mambo ya wazazi wao, na mimi najibu bila aibu.

Lile neno ndio lilinimaliza. Ugonjwa unaitwa sukari, na ile ya mkebe inaitwa sukari. Kwa akili yangu kesi ilikuwa imeisha: toa hii, na ile itatoka. Nikachukua mkebe jikoni nikaufungia kwa sanduku langu la nguo. Ugali nikapunguza mpaka ukawa wa kuonja. Mtu amechuna chai maisha yake yote, nikampea chai bila sukari. Akakunywa, uso ukajikunja. "Lakwet," akaniita, yaani mtoto, vile alikuwa ananiita tangu nikiwa mdogo, "hii ni dawa ya ng'ombe."

Nikamwambia atazoea.

Nikanunua mashine ya kupima. Mashine ikakataa kunitii. Natoa ndizi, inapanda. Natoa viazi, inapanda. Senge anaisha, sketi sasa inafungwa na kamba, na mimi kwa saluni najigamba ati mnaona amepungua, chakula changu kinafanya kazi.

Mtu mwenye akili angeuliza mashine inajaribu kusema nini. Mimi niliuliza ni nani anaiba.

Na mwizi nikampata haraka. Mama Akoth ni jirani yetu, mtu wa kutoka ziwani, bwanake anafanya kwa kiwanda cha chai. Yeye na Senge walikuwa wanakaa pamoja jioni wakipumzika. Siku moja nikawapata kwake, Senge ameshika kikombe. Nikakinyakua nikaonja mbele yao. Haikuwa na sukari. Nikasema wamebadilisha.

"Tumebadilisha saa ngapi, msichana?" Mama Akoth akauliza. "Tulikuona ukipanda mlima?"

"Wewe ndio unaua Senge yangu na sukari yako."

Akasimama, mkono kiunoni. "Sasa sikia. Huyu mama hata kile unampea hali, anarushia kuku wangu. Na usiku halali. Akilala chali anaumwa, akiinama anapata nafuu. Wewe daktari wa nywele, umewahi kuona mgongo wa namna hiyo?"

Nilikuwa nimeona. Senge mwenyewe alikuwa amesema: akiwa shambani, ameinamia majani chai, uchungu unapungua. Akinyooka kitandani ndio unawaka. Na mimi nilikuwa na jibu tayari. Mgongo umezoea kikapu, ukiunyima kikapu unalia. Nilisema hivyo na wazee wakaitikia, kwa sababu huku kwetu hiyo inaingia akilini kabisa. Basi nikamwacha aendelee kuchuna. Hata nikamsifu bidii.

Tulipofika nyumbani nikamweka chini. Yaani mimi, nikamweka chini mtu aliyenifundisha kutembea. Mashine nikaiweka juu ya meza katikati yetu, kama Biblia ya kortini.

"Senge, umekula sukari?"

"Sijakula."

"Mashine inadanganya?"

"Mimi sijui mambo ya mashine. Sijakula."

Nikauliza tena. Nikapandisha sauti. Nikamwambia nimeacha hata kutafuta bwana juu yake, na yeye ananichezea. Akaniangalia. Akafunga leso yake vizuri. Akasema polepole, "Basi nilikula."

"Kwa Mama Akoth?"

"Hapana. Kanisani. Vijiko viwili."

Nililala vizuri sana siku hiyo. Nilikuwa nimeshinda kesi. Jumapili nikaenda kanisani kusimama karibu na birika la akina mama kama askari wa benki.

Halafu siku moja niko saluni, kichwa cha bibi harusi kiko nusu, simu inalia. Mama Akoth. Nikakata. Ikalia tena, nikakata. Bibi harusi akaniambia, "Si uchukue tu, huyo mtu ako na shida."

Senge alikuwa ameanguka katikati ya majani chai, kikapu bado mgongoni. Mama Akoth na bwanake walimbeba mpaka barabarani, wakatafuta gari, wakampeleka hospitali kubwa. Yule mwizi wangu wa sukari. Nilipofika, chanuo bado kwa nywele zangu, nikampata ameshikilia kichwa cha Senge kwa mapaja yake. Akasogea nipate pa kukaa. Ningependa angenitukana.

Wakampiga picha. Ya tumbo.

Daktari, mama mmoja mpole, akaniita kando. Akasema neno: kongosho. Mimi mtaalamu wa bamia, hilo neno sikuwa nimewahi kulisikia, na ni la Kiswahili. Akanionyesha na mkono, hapa chini ya mbavu, halafu ndani kabisa. "Iko nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Ndiyo inatengeneza kitu cha kushusha sukari. Yake iko na kansa."

"Lakini mgongo ni kikapu," nikasema. Bado nilikuwa nabishana.

"Si kikapu. Kansa hii inapenda kufuata neva. Unajua ile nyasi mbaya ya shamba, unang'oa hapa, kumbe mizizi imepita chini inatokea kule? Imefuata neva mpaka nyuma. Ndio maana anainama."

"Na sukari?"

"Sukari ilipandishwa na kansa. Na ikikaa juu sana, inaonekana inaweza kuisaidia kansa kutambaa kwa hizo neva. Kwa hivyo kuishusha ni vizuri. Lakini tunaishusha na dawa, na tunauliza imetoka wapi. Hatumnyimi mtu chakula mpaka aishe."

Yaani nilikuwa nimepatia kidogo. Hiyo ndio inaniua. Ningekosea yote, labda ningelala.

Nikamuuliza, ningemleta ile mara ya kwanza tulipoambiwa, angepona? Hakunidanganya. "Sijui. Hii huwa inajificha. Lakini uchungu tungeanza kuupunguza mapema."

Uchungu. Miezi hiyo yote Senge ameinama shambani akitafuta nafuu, na mimi nimesimama hapo nasifu bidii.

Walimpea insulini na dawa ya maumivu, wakasema sasa ale anachotaka, ya sukari waachie wao. Nyumbani nikafungua sanduku nikatoa mkebe. Sukari ilikuwa imeshika harufu ya marashi yangu. Nikatia kwa chai, nikatia tena. Akaonja.

"Imezidi," akasema. "Kwani unataka kuniua?" Akacheka, akashika ubavu.

Nikamuuliza, "Senge, kule kanisani ulikula sukari?"

"Sikukula."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Ulikuwa umechoka, lakwet. Na niliona unaenda kurudi kwa Mama Akoth na hasira yako. Nikaona heri niwe mimi."

Tulimzika kabla mvua kubwa ianze. Chai ya waombolezaji alipika Mama Akoth. Akaniletea kikombe mwenyewe, mbele ya watu.

"Onja kwanza," akaniambia. "Usije ukasema nimebadilisha."

Nikaonja. Ilikuwa tamu. Nikaimaliza nikilia, na yeye akasimama hapo akingoja kikombe.

Wewe unasoma hii, na labda uko na mtu wako hapo nyumbani. Sukari imemjia ghafla uzeeni, anakonda, mgongo unamuuma na akiinama unatulia. Mara nyingi ni sukari tu, na mgongo ni mgongo. Lakini ukiambiwa picha ya tumbo, usichekeshe foleni. Nenda. Na mtu wako akikwambia hajakula, amini hajakula. Uliza ni nini inamkula yeye.