Sauti ya Mkwe Kwenye Tepu ya Magurudumu

Ambilikile, fundi viatu wa soko la Tukuyu, hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake. Mzee alikufa yeye hajaanza hata kutambaa. Alichokuwa nacho ni simulizi ya mama yake, Bibi Atuganile, kwamba zamani kule Suma bwana shamba mzungu alikuja na kisanduku, akamkalisha mzee kwenye kigoda, akamwambia aeleze alivyopanda chai. "Akaimeza sauti yake, akaondoka nayo," bibi alikuwa akisema, kama mtu aliyeibiwa kuku.

Basi mwaka wa tisini na tatu, enzi za ruksa, soko limejaa redio za kaseti kutoka kila pembe, Ambilikile akaliona dude chini ya meza ya Bushiri, muuza vitu vilivyotumika. Tepu ya magurudumu mawili, nzito kama jiwe la kusagia. Juu yake maboksi ya mikanda, na moja limeandikwa kwa penseli: Suma, chai.

Aliuliza bei.

"Watu wanataka kaseti ya kutia mfukoni, wewe fundi unataka jeneza!" Bushiri alicheka. "Haya, lichukue, unishonee buti."

Hata hivyo alimwelekeza. Gurudumu lililojaa kushoto, tupu kulia. Vichwa vinavyosoma mkanda visafishwe kwa pamba na spiriti. Upande wa mkanda usiong'aa ndio uguse vichwa. Mkanda una pande mbili, ukiisha mmoja unageuza. "Na hiki kitufe chekundu cha kunasia usikisogelee bure, kaka. Kiko jirani na cha kusimamisha, na kinafuta kama mvua inavyofuta nyayo."

Jumapili baada ya kanisa, mvua ikipiga bati, Ambilikile aliliweka dude mezani. Alichomeka na maikrofoni yake, maana baadaye alitaka kumnasa mama yake akiimba. Mara ya kwanza alipitisha mkanda kichwangomba, upande unaong'aa ukagusa vichwa. Ikatoka sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Akautoa, akaugeuza, akawasha tena.

Mwanamume alikohoa ndani ya chumba.

Akaanza kuongea Kinyakyusa, taratibu, habari za miche ya chai na baridi ya Suma. Bibi Atuganile alisimama, yeye ambaye huinuka kwa kushikwa mkono.

"Ni yeye! Ambindwile! Mume wangu!"

Ambilikile alisogeza sikio karibu. Sauti ilikuwa nyembamba. Miaka yote alidhani baba yake alikuwa na sauti nzito. Na sauti ikaendelea: "Na yupo mwanangu aliyezaliwa juzi..."

Hapo hapo Sekela, mke wa Ambilikile, akaingia na sufuria ya magimbi, mtoto mgongoni. Mama mkwe alikuwa bado akiliita lile jina; Sekela alilisikia, akaisikia na sauti. Sufuria ikaanguka chini. Alijifunika uso kwa khanga akatoka mbio hadi kwenye migomba, mvuani.

Kwao mwanamke hakutani na baba mkwe wake, wala hamtaji. Mtoto aliyekuwa mgongoni, mdogo wa binti yao Tulia, alipewa jina la babu yake, na Sekela, mama yake mzazi, humwita Babu tu. Miaka yote hakuwa na wa kumkimbia, maana mkwe alikuwa kaburini. Leo yumo sebuleni, anaeleza habari za chai.

"Zima!" alipiga kelele kutoka migombani. "Baba Tulia, zima, unanivunjia heshima!"

Ambilikile aliirukia tepu huku sauti ikisema, "Jina lake nimempa mwenyewe, naye ni..." Akabonyeza. Magurudumu hayakusimama. Alipotazama, kidole kilikuwa kwenye kitufe chekundu.

Alipokuja kuzima kweli na kurudisha nyuma, alimsikia baba yake akisema "naye ni...", kisha mvua juu ya bati, kelele za Sekela, na mama yake akilia. Akasikiliza hadi mwisho wa mkanda. Baba hakurudi.

"Nimemfuta," alisema. "Juba, mama yangu, nimemfuta baba."

Mama yake alikaa chini katikati ya magimbi yaliyotapakaa.

Ndipo Ambilikile akakumbuka neno la Bushiri kuhusu pande mbili. Kabla ya kugusa kitu alienda mlangoni.

"Mama Tulia, naweka upande wa pili. Nisipoweka leo sitaweka tena."

Sekela akaja, amelowa chapachapa, akakaa nje chini ya upenu, mgongo kwa ukuta, uso kwa migomba. "Huku simwoni," alisema. "Weka."

Safari hii aliichomoa maikrofoni, akakaa mbali na kitufe chekundu. Magurudumu yakazunguka. Mkwaruzo, mkwaruzo, halafu mtoto mchanga akalia kwa nguvu zake zote.

Sekela aliruka kule nje. "Babu ameamka!" Akapeleka mkono mgongoni. Mtoto alikuwa amelala fofofo, shavu limebanwa kwenye mgongo wa mama.

Akageuka polepole kutazama dirisha, akasahau hata kujifunika.

"Nyamaza," ile sauti nyembamba ilisema ndani. "Nyamaza, Ambilikile. Mgeni atadhani hukunyonya."