Kigogota na Picha ya Tatu

Chumba cha giza cha baba kilinuka siki. Ilikuwa harufu ya dawa za kusafishia picha, na ikichanganyika na ya dagaa waliokuwa wakianikwa nje, pale Kibirizi, ilishika nguoni hata ukifua mara mbili. Wenzangu shuleni walinikwepa kwa ajili yake; mimi niliipenda. Baba alikuwa na studio ndogo karibu na mwalo wa mitumbwi ya wavuvi, akipiga picha za pasipoti, za nyeusi na nyeupe, kwa wachuuzi wa samaki, wanafunzi na watumishi waliohamishiwa Kigoma kutoka mikoa mingine. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita. Kila Jumamosi, kabla ya kuitoa kamerani, zikibaki mbili au tatu zilizokosa mteja, alinipa mimi nizimalizie. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilitaka kitu kimoja tu: picha ya kigogota isiyo na kasoro, ambayo baba angeitundika ukutani katikati ya picha za maharusi.

Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma karatasi iliyokuja ndani ya boksi la filamu mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Niliwawinda ndege miezi ya kipupwe, wakati nyasi zimekauka, asubuhi za ubaridi, na moshi wa mioto ya porini umeifunika milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Nilimpiga mdiria, akatoka nusu; nilimpiga furukombe, akatoka mdogo kama inzi. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa akinipigia kelele kila nikipita: "Mpiga picha wa ndege! Na mimi nikiota mabawa utanipiga bure?" Watu walicheka, nami nilirudi nyumbani Katubuka kujificha mbele ya mchikichi uliokufa nyuma ya jiko letu, ambako kigogota alikuwa ametoboa tundu lake. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mara nyingi sikubonyeza kabisa. Kila mara kulikuwa na kitu hakijakaa sawa: kivuli, jani, mkia.

Kipupwe kile watu walikuwa wakivuka kwa wingi kutoka Burundi. Bibi, mama yake baba, alirudi kutoka mwaloni siku moja na mwanamke aliyebeba kifurushi, pamoja na bintiye wa rika langu aitwaye Kaneza. Wangekaa kwetu mpaka lori la kwenda kambi ya wakimbizi lipatikane. Niliambiwa niwaonee huruma, na kwa siku mbili niliwaonea. Siku ya tatu nilimsikia bibi akicheka jikoni, kicheko ambacho sikuwahi kumtoa mimi. Alikuwa akiongea Kiha, Kaneza akimjibu kwa Kirundi, na walielewana kama waliozaliwa nyumba moja. Mimi nilikulia kwenye Kiswahili cha mjini. Kiha changu kiliishia kwenye salamu ya asubuhi, "Mwakeye". Tangu siku ile nikaanza kumhesabia Kaneza kila alichopewa. Bibi alimpa kiti chake cha chini. Baba, aliyenikataza miaka mingi kugusa trei za dawa, alimruhusu kuzitikisa, akasema, "Mkono wake umetulia huyu." Niliuangalia mkono wangu usiku kucha. Nilimwonea wivu mtoto aliyefika na gauni moja, na kujua kwamba ni aibu hakukuupunguza hata kidogo.

Taarifa ya lori ilikuja Ijumaa: lingeondoka Jumapili asubuhi. Jumamosi baba akanikabidhi kamera. "Zimebaki tatu," alisema. "Mbili zako. Ya tatu ni ya Kaneza na mama yake, kesho kabla hawajapanda. Duka limeishiwa filamu mpaka treni ije, kwa hiyo usinichezee."

"Ndiyo, baba."

Picha ya kwanza kigogota aligeuza kichwa. Ya pili aliruka kidole changu kikiwa njiani, na nilijua kabla ya kuisafisha kwamba nimepata gome tupu. Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Kaneza alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi.

"Weye unamngojea kama mgeni," alisema. "Muite, sha."

"Ndege wa porini anaitwaje? Ana jina?"

Aliokota jiwe, akachuchumaa kando ya kisiki cha mchikichi mwingine, hatua mbili mbele yangu, akakigonga upesi upesi, akanyamaza, akagonga tena. Mara kigogota akashuka juu ya kile kisiki, manyoya ya kichwa yamesimama, akitafuta ni nani aliyeingia nyumbani kwake.

"Ana wivu," Kaneza alinong'ona huku akicheka. "Piga!"

Namba ya kamera ilikuwa inaonyesha thelathini na tano. Niliiona. Sitaki kudanganya hapa kwamba nilisahau. Nilifikiri kwamba yeye atapata vyote, picha yake kesho, na kigogota, na bibi, na baba, na mimi nitabaki na gome. Pia nilijua baadhi ya filamu hutoa picha moja ya ziada mwishoni. Nikabonyeza.

Asubuhi mama yake Kaneza alitoka amevaa kitenge cha bibi, nywele zimechanwa na kupakwa mafuta, akaketi kwenye benchi, mwanawe pembeni. Baba alivuta wenzo wa kusogezea filamu. Ulikataa. Akavuta tena, taratibu, kisha akanitazama. "Imeisha," alisema.

Kaneza akawahi. "Ni mimi, baba. Mimi nilimuita ndege, nikamwambia apige."

Mama yake aliinuka akajipangusa kitenge kama vile ndicho kilichochafuka. Na mimi, badala ya kusema neno, nilimwonea wivu tena: hata kosa langu alilibeba vizuri kuliko mimi. Lori likaondoka.

Picha ilitoka safi ajabu. Kila unyoya ulionekana, jicho lilikuwa kali, na wekundu wa kichwa uligeuka kijivu cha kupendeza. Baba aliitundika bila kunisifu. Wateja ndio walionisifu.

Leo nina kamera inayopiga mfululizo kabla sijamaliza kupumua, na siku hizi anayeondoka Kigoma hupigwa picha kwa simu tangu anafunga begi mpaka meli inapong'oa nanga. Hakuna anayelazimika kuchagua kati ya ndege na mtu. Nimejaribu kuukumbuka uso wa Kaneza na nimeshindwa; naupata mkono tu, kwa sababu mkono niliuona kwenye karatasi. Ulikuwa pembeni kushoto, vidole vinne na jiwe, katika ile picha ya kigogota. Niliona unaharibu picha. Kabla baba hajaitundika nikachukua rula na mkasi wa kukatia picha za pasipoti, nikaukata, nikautupa kwenye ndoo ya vipande vyeupe vya karatasi. Negativu ziliozea stoo paa lilipovuja. Picha ninayo bado, na nikiitazama upande wa kushoto naona jinsi nilivyoukata ukingo ukanyooka.