Siku Roboti Ilipomfokea Baba Mkwe

Maabara yetu ya roboti pale chuoni Migori ilikuwa zamani jiko la kantini, na mvua ikinyesha kuta zilinuka kabichi. Wageni wakija, Prof alifungua madirisha yote na kuwaeleza kuwa hiyo ni harufu ya solda ya kuunganishia nyaya. Wageni wenyewe walikuwa watu wa tai ambao hawajawahi kushika solda, basi walitikisa vichwa kwa heshima na kuandika kitu kwenye daftari zao.

Mimi nilikuwa mtunza stoo. Nilitoa skrubu, nyaya na betri, na kuwafukuza wanafunzi waliokuja kuazima bisibisi ya kukazia vitanda vyao vya hosteli. Wasomi wetu walijua kila kitu isipokuwa mahali walipoweka kitu hicho jana.

Roboti yenyewe ilikuwa mkokoteni wenye magurudumu manne ya baiskeli za watoto na kamera mbili. Kazi yake ilikuwa kupita katikati ya mistari ya mahindi, kupiga picha za majani na kusema ni shina gani lina viwavi. Fremu yake ilichomelewa na fundi mmoja wa Isebania, pale mpakani, ambaye maisha yake yote alikuwa ametengeneza milango ya vibanda vya wabadilisha pesa. Huyo hakuweza kuona tundu bila kuliwekea nondo. Hata kile kitufe chekundu cha kuzima roboti kwa dharura alikizungushia vyuma, ili kisiibiwe.

Sauti ndiyo iliyotuponza. Mwanafunzi wetu wa uzamifu, Msabato mpole asiyegusa kompyuta kuanzia Ijumaa jioni, alikuwa ameipa roboti sauti ya mashine yenye Kiswahili cha pwani. Mtu akiiziba njia, ilitamka, "Ewe muungwana, niwie radhi, nipishe nipite." Tukaijaribu kwa mzee anayefyeka nyasi za chuo. Aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza, "Hii ni redio ya Tanzania?" Hakusogea hata hatua moja.

"Madam, tunataka sauti ya watu wa huku," mwanafunzi akaniambia. "Yako inasikika mpaka geti."

Sikujua kama ni sifa au ni matusi, lakini nilikubali. Tukajifungia stoo, tukabandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, nikarekodi. Roboti ilitakiwa kuomba njia mara tatu, kila mara kwa ukali zaidi. Ya kwanza, "Tafadhali nipishe." Ya pili, "Naomba njia." Kabla ya ya tatu niliona kwanza nikalizime birika, maana nilisikia likichemka upande wa pili. Nikafungua mlango, na nani yuko hapo? Prof, na kikombe mkononi, akisoma simu. Prof alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye ugonjwa mmoja tu: kusimama mlangoni. Hakuwa akiingia wala kutoka. Asubuhi ile nilikuwa nimeshamzunguka mara nne.

"Wewe umekuwa mti?" nikasema. "Toka hapo!"

Akasogea bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Sidhani hata alijua ni nani amesema. Nyuma yangu mwanafunzi alikuwa anameremeta, kinasa sauti bado kinarekodi.

"Hiyo imetoka rohoni, Madam."

"Futa."

"Sawa."

Sawa ya mwanafunzi wa uzamifu ni ile ya mtu anayekwambia yuko njiani na bado anajipaka sabuni.

Sasa nieleze kidogo kuhusu ndoa yangu. Mimi ni mtoto wa Homa Bay, lakini nimeolewa na Mkuria wa kule Ntimaru. Kwenye ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa kuepukana. Hampeani mkono, hamli meza moja, na mkikutana njiani wewe mke ndiye unayeingia kwenye nyasi. Kwa miaka tisa, hata kama mbuzi angekuwa anakula koti la mzee, ningemtuma mtu mwingine akamwambie. Yeye naye hakuwahi kuniambia neno zaidi ya kujibu salamu huku akitazama ng'ombe. Lakini nilimpenda. Nilipojifungua mara ya kwanza paa la jiko langu lilikuwa linavuja, na asubuhi moja nikakuta mabati yameegemezwa ukutani. Hakuna aliyeniambia yametoka wapi.

Prof alipotangaza kuwa roboti itaonyeshwa kwa wakulima wa Ntimaru, nilijaribu kuugua. Hakuna aliyeniamini. Siku hiyo nikabaki kando ya pikapu na orodha ya vifaa, mbali na watu, nikila mahindi ya kuchemsha. Wakulima walijaa shambani. Roboti ikaanza safari yake vizuri, ikisimama kila shina, ikipiga picha, na akina mama wakiifuata kama bibi harusi.

Ndipo nikamwona baba mkwe. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Aliingia katikati ya mstari, akasimama mbele ya roboti na kuinama kukagua magurudumu.

"Tafadhali nipishe," ikasema roboti.

Mzee akainuka. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Sauti aliijua.

"Naomba njia."

Akageuka polepole hadi akaniona kando ya pikapu, hatua hamsini hivi, mdomo umejaa mahindi. Nilitikisa kichwa. Sijui nilitaka kumwambia nini kwa kichwa hicho.

"Wewe umekuwa mti? Toka hapo!"

Mzee hakusogea, na kwa sababu hakusogea roboti ikarudia. Mwanafunzi akakimbia kuizima, lakini mkono wake haukupita kwenye nondo za fundi. Akajaribu vidole viwili. Akajaribu kalamu. Roboti ikamwita baba mkwe wangu mti mara tano, mbele ya majirani zake, kwa sauti yangu, na kila mara ilitoka rohoni. Kijana fulani akacheka, mwingine akamzaba kofi la kisogoni. Mzee akafunga vifungo vya koti na kwenda zake nyumbani.

Nilimpigia mume wangu, ambaye alikuwa kazini. Alicheka mpaka nikasikia kiti kinagonga sakafu.

"Na mzee amesema nini?" akauliza baadaye, bado akikohoa.

"Hajasema kitu."

"Hajasema?" Kicheko kikakatika. "Ai. Hiyo ni mbaya."

Jioni mama mkwe akapiga. "Mwanangu, mzee amekataa uji. Anauliza kama ni wewe ulituma hiyo kitu." Mama yangu mzazi, habari ilipomfikia Homa Bay, hakusema pole. Alisema alinionya kuhusu mdomo nikiwa darasa la tatu.

Mzee akatuma neno kuwa anataka kuwaona wenye roboti, na roboti yenyewe iletwe. Tukaenda wote: Prof, mwanafunzi, fundi, mimi, na mshtakiwa nyuma ya pikapu akiwa amefungwa kamba. Wanaume wakakaribishwa sebuleni. Mimi nikaenda jikoni kwa mama mkwe, na kwa kuwa dirisha la sebule lilikuwa wazi, nilisikia kila neno.

Prof akaanza mhadhara. "Mzee, kitaalamu, sauti si mtu. Sauti ni data."

"Hiyo data inalala kwa nyumba ya nani?" mzee akauliza. "Hiyo data imenizalia wajukuu. Nani alifundisha hii kitu kuongea?"

Fundi akasema yeye ni wa vyuma tu. Mwanafunzi, ambaye dini yake inakataza uongo lakini haikatazi istilahi, akasema ilikuwa hitilafu ya mfumo.

"Mfumo yuko wapi?" akasema mzee. "Aitwe."

Nilishindwa kuvumilia. Machozi yalikuwa yananitoka, na si ya moshi. Nikamwambia mama mkwe ukweli wote: stoo, birika, na mwenye kuziba mlango. Alinitazama, akashika mwiko wake na kwenda. Akafika mlango wa sebule na hakuweza kuingia. Prof alikuwa amesimama katikati ya mlango, nusu ndani, nusu nje, akitafuta mtandao.

"Mzee," mama mkwe akapaza sauti kutoka mgongoni mwa Prof, "msichana anasema yale maneno hakuambiwa wewe. Aliambiwa huyu mrefu. Anasema huyu huziba milango."

Nilifumba macho. Baba mkwe nilikuwa nimempoteza, na sasa kazi pia.

"Kwani," nikasikia mzee akisema taratibu, "wewe ndio mti?"

Prof akajitazama pale alipokuwa. Akautazama mwiko.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Nadhani ni mimi."

Mzee akacheka. Kilikuwa kicheko cha kukwaruza, kama trekta la zamani linapowashwa, na sikuwahi kukisikia katika miaka tisa. Alitaka jambo moja tu: sauti yangu itolewe kwenye kile chombo kabla hakijavuka geti lake. Roboti ikashushwa kwenye pikapu, mwanafunzi akaweka kompyuta juu ya mtungi wa maji, akafuta.

"Imekufa?"

"Imefutwa, mzee."

"Iseme tuone."

Mzee akasimama tena mbele ya roboti, na roboti ikakaa kimya. Hapo ndipo akaagiza chakula.

Tulipokuwa tunarudi Migori, Prof akaweka simu mfukoni.

"Mti gani?" akauliza ghafla.

"Prof?"

"Nauliza, ni mti gani?"

"Mkaratusi, Prof."

Akafikiri. "Si mbaya," akasema.

Roboti ikapewa sauti ya fundi, ambaye hata akisema tafadhali unadhani anafukuza mbwa. Ilifanya kazi msimu mmoja. Kisha wafadhili wakapenda ndege ndogo zisizo na rubani, mkokoteni ukasukumwa pembeni, na kuku wa mlinzi wakauhamia.

Mwaka uliofuata, adhuhuri moja, simu yangu ikalia, namba ya mama mkwe. Nikapokea, nikasalimu, na sauti iliyojibu haikuwa yake.

"Kwa simu hatuonani," akasema mzee.

"Ndiyo, baba."

"Basi si makosa."

"Si makosa, baba."

Mahindi yake yalikuwa yametobolewa majani. Nikamuuliza kama ndani ya moyo wa mhindi kuna uchafu kama vumbi la mbao. Akasema uko, mwingi. Nikamwambia hao ni viwavi, atie jivu wakati anamsubiri afisa wa kilimo, na kama anaweza anitumie picha nimwonyeshe mwanafunzi. Akasema "Mm" na kukata.

Picha zikaja tatu, zote za kidole gumba. Nilizitazama kwa makini, kama tulivyofundishwa maabara, kisha nikampigia kumwambia kuwa kidole hakina viwavi, lakini kucha ikatwe.

Aliguna. Siku mbili baadaye akapiga tena.