Mshonaji Asiyeshika Mkasi

Kwa miaka thelathini na moja Mukandekezi alishona nguo za nusu ya kata yetu bila kushika mkasi mkubwa. Mkasi mkubwa ulikuwa wa mumewe, Mzee Jovin. Yeye alikata, mkewe akashona. Pale barazani kwao Ndama, meza ya kukatia ilikaa upande mmoja, cherehani upande wa pili, na katikati palikuwa na kiti cha mteja. Ukikaa hapo ulisikia mkasi kwa sikio moja na cherehani kwa sikio jingine.

Wateja wao wa zamani hawakuwa wakipimwa tena. Jovin alipoanza kazi hakuwa na futi, kwa hiyo alimpima kila mtu kwa kikamba cha ganda kavu la mgomba na kukifunga mafundo: fundo la bega, la kifua, la kiuno, la urefu. Baadaye alinunua futi, lakini vikamba havikuondoka. Vilining'inia kwenye boriti, kila kimoja na mwenyewe. Tulipokuwa wadogo tuliamini kwamba mtu akifa, kikamba chake hukatika chenyewe.

Mukandekezi alizaliwa upande wa Kyerwa, kwa wazazi waliotoka Rwanda, na aliolewa Ndama akiwa tayari anaijua cherehani. Mkasi aliujaribu mara moja tu. Ilikuwa mwaka wa pili wa ndoa. Jovin alikuwa amekwenda msibani, na mwalimu mkuu wa shule alitaka suruali kwa haraka. Mukandekezi akatandaza kitambaa, akakata. Kitambaa kile kilikuwa na uso na mgongo, naye akasahau kukigeuza alipofika kipande cha pili. Suruali ikatoka na miguu miwili ya kushoto.

"Mpaka leo," aliniambia, "kuna wazee wakiniona sokoni wananiuliza, Mukandekezi, mguu wa kulia umeuacha wapi?"

Jovin alikata suruali nyingine siku aliyorudi, mkewe akaishona, na jambo likaisha kwa mwalimu mkuu. Kwa Mukandekezi halikuisha. Tangu siku hiyo alikuwa na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi na kupunguza kingo za mishono, basi.

Mwaka jana Jovin alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, mguu ukawa mzito, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Mkasi mkubwa ukatundikwa msumarini. Wateja walikuja kumpa pole, wakaacha mkungu wa ndizi au kahawa za kutafuna, kisha wakapeleka vitambaa vyao kwa mafundi wa mjini Kayanga.

Wakati huo mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani, nafundisha kwa kujitolea huku nikisubiri ajira. Nilisomea isimu. Nina tabia ya kukusanya maneno kama wengine wanavyokusanya vifungo: nachukua kazi moja, naangalia kila lugha inaiitaje na jina limetoka wapi. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote pale kijijini. Mukandekezi aligundua kwa sababu nilipompelekea sketi yangu, daftari lilianguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umeleta kiraka?"

"Sketi. Zipu imekufa."

"Lete. Siku hizi mimi ni fundi wa zipu na viraka. Na hili daftari?"

Nikamweleza, nikiangalia chini. Aliponiuliza kama kazi yake nayo imo, nilimwambia kwamba Waitaliano humwita fundi wa nguo *sarto*, na neno hilo limetoka kwenye Kilatini cha zamani, ambako maana yake ilikuwa mtia viraka.

Alisimamisha cherehani. "Kwa hiyo Italia mimi ni fundi kamili?"

"Kamili kabisa."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ile sketi. Kuanzia hapo, kila nilipopita kutoka shuleni aliniuliza, "Leo umekuja na nchi gani?"

Siku moja nilikuja na Wajerumani. Neno lao, nikamwambia, maana yake ni mkataji. La Kifaransa pia ni mkataji, na Waingereza wamelichukua kwa Wafaransa. Wahungaria nao, mkataji.

"Wote hao?"

"Wote."

"Na anayeshona wanamwitaje?"

Nikafunua daftari. Mzee Jovin, aliyekuwa ameketi kwenye mto wake karibu na mlango, akakohoa.

"Dunia," alisema, akapumzika, "inajua... nani fundi."

"Wewe tafuna kahawa zako," Mukandekezi akamwambia. Kisha akanigeukia. "Kwetu, kwa Kinyarwanda, tunasema *umudozi*. Kudoda ni kushona. Kiswahili ni mshonaji. Kwa hiyo mimi nikipanda ndege hapa ni fundi, nikishuka Ujerumani si kitu?"

Nilimpa Waarabu, ambao jina la fundi wamelitoa kwenye uzi, na Waajemi na Wahindi, waliolitoa kwenye mshono. Alifurahi kuwapata.

"Umesikia, Baba Mwesiga?" akamwambia mumewe. "Wahindi wako upande wangu."

"Uzi," alisema Jovin, "bila nguo... wa kufungia kuku."

Alitania, lakini niliona Mukandekezi ameacha kucheka. Mwesiga, mtoto wao wa kwanza, anaishi Mwanza, na wiki ile alikuwa amepiga simu. Alitaka wauze cherehani wahamie kwake. Alisema mama anajichosha bure na zipu za watu. Mukandekezi alikuwa amemjibu kwamba kama mpaka mwisho wa Juni baraza halijapata kazi ya maana, watakwenda. Alinieleza haya akiwa ameinamia kiraka, kwa sauti ya chini ili mumewe asisikie, ingawa mumewe alikuwa hatua tatu tu kutoka pale.

"Atakufa kule," alisema. "Hapa anakaa chini ya vikamba vyake."

Ilikuwa tayari tarehe tano Juni.

Siku mbili baadaye alikuja Deodatha, mjane kutoka Kiruruma, mteja wao tangu walipofungua. Alitoa kwenye mfuko kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano, wote wakitazama upande mmoja. Marehemu mumewe alikinunua Bukoba mwaka aliofariki, na tangu hapo kilikaa sandukuni. Sasa mjukuu wake alikuwa anapewa upadri Jumapili ya mwisho ya mwezi, na Deodatha alitaka gauni na kilemba.

"Nimekwenda Kayanga," alisema. "Kijana mmoja kakipima mara mbili, akaniambia, bibi, chagua, gauni au kilemba. Vyote havitoshi. Nikamwambia kwamba Jovin alikiona kitambaa hiki kabla hajaugua, akasema vyote vitatoka. Akaniambia basi nenda kwa Jovin."

Alimtazama Jovin, akatazama ule mkono uliolala mapajani. Halafu akamtazama Mukandekezi kwa muda mrefu.

"Mama Mwesiga, utakata wewe?"

Mukandekezi alipapasa kitenge kwa kiganja, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Kiache hapa," alisema mwishowe.

"Nakiacha. Lakini usije ukanipa mikono miwili ya kushoto. Na ndege wote watazame juu. Sitaki kuingia kanisani na ndege waliokufa."

Kitenge kilikaa mezani siku nne. Kila nilipopita nilikikuta kimekunjwa vilevile. Mkasi ulikuwa bado msumarini. Siku ya tano nilikuwa na neno jipya, na kwa mara ya kwanza nilikwenda pale bila kuulizwa nimekuja na nchi gani.

"Wachina," nilisema, "neno lao lina alama mbili. Ya kwanza ni kata. Ya pili ni shona."

Alinyanyua uso. "Zote kwenye neno moja?"

"Ndiyo."

"Na hilo neno ni la watu wawili au la mtu mmoja?"

"La mtu mmoja, mama."

Alinipa chaki, akaniambia nimchoree mezani. Nilizichora vibaya, maana zina mistari mingi, lakini alizitazama kwa makini, akafuata ya kwanza kwa kidole.

"Kata imetangulia," alisema.

"Imetangulia."

Akainuka, akautoa mkasi msumarini. Alipanda kwenye kigoda, akashusha kikamba cha Deodatha kutoka kwenye boriti na kukipuliza vumbi.

Jovin alielekeza kutoka alipokaa. Fundo la bega, weka hapa. Fundo la kifua. Ongeza vidole viwili kila upande. Mukandekezi alichora kwa chaki kama alivyoambiwa: mbele, nyuma, mkono mmoja, mkono wa pili. Kilichobaki pembeni alikipima kwa shubiri. Hakikutosha kilemba. Kilipungua kwa upana wa kiganja, kama alivyosema yule kijana wa Kayanga.

Jovin akasema, "Nilidanganyika... kilemba hapana," na akageuza uso kuelekea barabarani.

Nilidhani mambo yameishia pale. Lakini Mukandekezi alikuwa bado amesimama, anatazama mistari ya chaki.

"Baba Mwesiga, hivi vidole viwili ni vya nini?"

"Vya mshono."

"Mshono unakula kidole kimoja. Kingine kinakwenda wapi?"

Jovin hakuwa na namna ya kujua. Yeye akishamaliza kukata, kipande kilivuka kwenda upande wa cherehani, na hakikurudi kwake mpaka kiwe nguo.

"Nainua mkasi wangu mdogo nakikata," alisema Mukandekezi. "Kila nguo, kila upande, miaka yote hii. Huo mto unaoukalia, unafikiri nimeujaza nini?"

Jovin akainama kuutazama mto wake. Nami niliutazama. Pembeni, palipofumuka kidogo, palitokeza vipande vyembamba vya nguo, vyekundu, vya kijani, vya sare za shule, vya vitenge ambavyo nilikumbuka nani alivivaa.

"Ungesema," alisema Jovin.

"Ungeniuliza. Na hiki kikamba, ulimpima akiwa na mimba ya binti yake wa mwisho, Placidia. Huyu mtu tangu afiwe nimembania nguo kiunoni mara nne. Bega lake la kushoto limeshuka kwa kubeba ndizi. Wewe unakata Deodatha wa zamani, mimi ndiye namshonea huyu wa sasa."

Akafuta mistari kwa kitambaa chenye maji, akachora upya. Hakutazama kikamba tena. Alifunga macho kidogo, mikono ikiwa hewani, kama vile ameivaa nguo mwenyewe, kisha akachora. Alipofika kwenye mikono ya gauni alisita. Alikata kwanza kipande cha gazeti, akakiweka juu ya kitenge, akakigeuza, akakirudisha, akakigeuza tena.

"Mwalimu, soma," aliniambia. "Huu wa kulia?"

"Wa kulia."

"Na huu?"

"Wa kushoto."

"Vichwa vya ndege?"

"Juu. Pote."

Pembeni, kilichobaki sasa kilitosha kilemba, na kikazidi kidogo.

Akashika mkasi, akaufungua, akaufunga. Kitambaa kilikuwa kinateleza. Ndipo Mzee Jovin alipochukua mkongojo wake na kuinuka kutoka kwenye ule mto. Alichukua muda kufika mezani. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya kitenge, akakandamiza, akasema, "Kata."

Akakata.

Deodatha alikuja Ijumaa kabla ya upadrisho. Alivaa ndani, akatoka barazani, akasimama mbele ya dirisha la kioo na kujigeuza. Aliinua mkono mmoja, akainua wa pili, akaishusha yote pamoja. Alikagua ndege mmoja mmoja mpaka kwenye pindo. Mukandekezi alikuwa ameketi kwenye cherehani, hana anachoshona, mguu wake ukikanyaga polepole bila uzi.

"Halivuti begani," alisema Deodatha. "Lile la Pasaka ya mwaka juzi lilikuwa linavuta." Akajitazama tena. "Nani kakata?"

"Mchina," alisema Mukandekezi.

"Mchina gani? Hawa wanaojenga barabara?"

Mzee Jovin alianza kucheka kwa upande mmoja wa mdomo, mpaka kahawa ikamtoka.

"Mtajijua," alisema Deodatha. "Placidia naye ana kitenge chake kwenye mkoba. Na wake za wanangu wawili. Wote wanataka kabla ya Jumapili inayofuata, ya sherehe ya shukrani. Huyo Mchina ataweza?"

"Ataweza."

Jioni hiyo Mwesiga alipopiga simu, mama yake alimwambia kwamba ana vitenge vitatu mezani na hawezi kuongea sana.

Lakini mchana ule, kabla Deodatha hajaondoka, Mukandekezi alitoka nyuma ya nyumba na ganda kavu la mgomba. Alilichana kwa jino, akamzungushia kifuani, kiunoni, akampima bega la kulia na la kushoto, kila moja na fundo lake. Kikamba kipya akakitundika kwenye boriti. Cha zamani alikishika kidogo mkononi, kisha akafungia nacho kifurushi cha gauni, akampa Deodatha aende nacho.