Siku Kuku Walipochelewesha Akidi

Siku yangu ya kwanza kazini katika baraza la mji wa Kitui, Karani wa Mji alinipa rejista mpya na cheo ambacho sikuwahi kukisikia: mwandalizi wa malazi. Chama kimoja kikubwa cha siasa kilikuwa kinatuletea mkutano wa wajumbe kwa mara ya kwanza, na vyumba vya wageni mjini vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Moyo ulinidunda kwa furaha.

Malazi tuliyapata makanisani. Jumapili wachungaji walitangaza, waumini wakajiandikisha kwangu, huyu wajumbe wawili, yule wanne. Kila mjumbe nilimwandikia kikaratasi chenye jina la mwenyeji wake. Tulikiita tikiti ya malazi. Walifika Ijumaa, nikawagawa wote, nikajiona bingwa.

Kumbe sikuwaambia wenyeji saa ya mkutano. Jumamosi saa tatu na nusu ukumbi haukuwa umejaa hata nusu. Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kura ikubalike, ilikuwa mbali. Karani wa Mji, mtu wa maneno machache, aliniita kando.

"Miji jirani yote inangoja tu tushindwe," akasema. "Saa tano ikipita bila akidi, mkutano unahamia kwao. Na wewe rejista utaiacha hapo mezani."

Nilitoka mbio. Nyumba ya kwanza nilikuta wajumbe wamekaa kwenye kochi, tai shingoni, macho kwenye saa, na nyuma ya nyumba kuku ndiyo kwanza ananyonyolewa. Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Mji mzima ulikuwa umechinja! Kwetu Ukambani mgeni haondoki na chai tupu. Nilimsihi mwenyeji wa tatu, Mama Kalunde, awaachilie wageni wake.

"Mwana wakwa, mwanangu," akaniambia, "hawa wakifika kwao watasema Kitui walilala njaa. Wewe unataka hiyo maneno?"

"Sitaki, Mama. Basi sufuria iende na wao."

Akafikiria kidogo, akafunga kitambaa cha kanisa kichwani, akainua sufuria, kuku wake akiwa ameshaiva. Majirani walipomwona nao wakabeba zao. Wajumbe wakafuata harufu hadi ukumbini, wakahesabiwa wakitafuna. Akidi ilitimia dakika chache kabla ya saa tano. Karani wa Mji alikula paja zima na suala la rejista halikutajwa tena.

Nimeandaa mikutano mingi tangu hapo. Niliona wajumbe wakipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea, kisha sanduku likaja. Kaunti zilipoanza, bosi wangu akawa Meneja wa Manispaa, na zikaja hoteli, hema kubwa na skrini. Skrini ya kwanza ilipowashwa nilipiga vigelegele mbele ya meneja bila haya. Siku hizi wajumbe huja kwa basi asubuhi na kurudi jioni, bila kulijua jina la mkazi hata mmoja. Hilo linaniuma.

Miaka yote hiyo, kwa kuwa mtumishi wa umma, sikuruhusiwa kuwa na kadi ya chama. Nilijaza kumbi, kisha nikasimama mlangoni. Nilipostaafu nilichukua kadi, na mwaka huu kata yetu ikanichagua mjumbe. Niliketi katikati ya ukumbi, wakisoma majina ya kuhesabia akidi. Wakasoma langu.

"Nipo!" nikajibu, tena nikiwa nimesimama.