Nyumba ya Mbao Aliyoiosha kwa Ndoo

Jumapili baada ya ibada binti wa mzee mmoja wa kanisa letu, tuliyezoea kumwita Papa, alitupigia simu kutoka Japani: baba amefariki usingizini, katika nyumba yake ya mbao karibu na bahari. Jina lake ninalo, na majina ya wanawe wote, ila simtaji. Waliosali naye hapa Minneapolis wameshamjua.

Alipostaafu kiwandani kule Fridley alitutangazia kwamba ananunua nyumba ya kizamani ya Kijapani, katika mji mdogo alikoolewa huyo binti. Tulimcheka. Mimi nikamuuliza mbele ya watu, "Papa, kule hakuna hata Mkongo mmoja. Nani atakuzika?"

"Mama, umeshanichimbia? Ngoja kwanza nihamie."

Alijibu hivyo, lakini baadaye aliniambia swali langu lilimsumbua safari nzima ya ndege. Alipofika akafanya kama tunavyofanya sisi, maana kwetu nyumba haiingiwi kabla ya kuoshwa: ndoo, sabuni, ufagio, maji mpaka kizingitini. Kumbe vyumba vile vimetandikwa mikeka minene ya majani, na mikeka hiyo haitaki maji kabisa. Ikavimba, ikaanza kunuka kama zizi. Binti yuko kazini, na yeye Kijapani hana hata neno. Basi akaenda kubisha mlango wa pili, akamleta bibi mmoja kwa ishara za mikono. "Mama, yule bibi alicheka mpaka akakaa chini," alinisimulia kwa simu. "Halafu akaita mtaa mzima." Wakaing'oa mikeka, wakaianika juani, naye akawapikia maharagwe. Wakazoea kuja. Binti anasema ndio hao waliomsindikiza mpaka mwisho, yule bibi akiwa mbele pamoja na watoto wa marehemu.

Mimi nakaa ghorofani, mtaa wa Cedar-Riverside, miaka mingi sasa. Na jirani zangu tunasalimiana kwa vichwa ndani ya lifti, kila mtu na mifuko yake, tena tunajisifu kwamba hatumsumbui mtu. Nafikiri hapo ndipo tunapokosea. Mtu usiyemsumbua kwa lolote, atakujuaje?

Juzi gunia la unga lilinishinda kulisogeza pale mlangoni pangu. Ningengoja mjukuu arudi kutoka chuoni, lakini nikatoka, nikabisha mlango wa pembeni. Akafungua mama mmoja wa Kisomali, akalitazama lile gunia, akaniuliza kwa Kiswahili cha Nairobi, "Nyanya, unapikia harusi ya nani?"

Tukalibeba wawili mpaka jikoni kwangu. Kisha akavuta kiti, akaniuliza chai iko wapi.