Kitunguu cha Mama Mkwe

Jamani, leo jirani kaniuliza kwa nini mishikaki yangu ya kitimoto ina vitunguu vingi kuliko nyama.

Mlaumuni mama mkwe wangu. Someni, kisha mniambie alikula au hakula.

Ilikuwa miaka ya themanini, Nyahanga pale Kahama. Nipo uani nachoma nguruwe. Nimemtunga kwenye spoku za baiskeli: nyama, kitunguu, nyama, hoho.

Mara mke wangu huyo, mbio:

"Baba Neema, mama amefika!"

Mama ni Msabato haswa. Kwake nguruwe ni najisi hata kumtaja.

Nikajua leo anaondoka na binti yake.

Na kwetu Wasukuma, mkwe hali mbele ya mama mkwe. Nikamwamkia kwa mbali, naye akaketi nyuma ya ua wa mabua, akanipa mgongo.

Moshi nao, sijui nani kautuma, unamfuata yeye tu.

Kisha nikamsikia akimwambia mke wangu kwa upole:

"Mwanangu, mimi nguruwe sili. Nichomolee mbogamboga tu."

Akapelekewa kitunguu na hoho.

Vikaisha. Akaomba tena.

Vikaisha tena!

Safari hii hakumtuma mtu. Akasahau ukwe, akasahau ua, akaniita mwenyewe kwa sauti:

"Baba Neema! Hivi vya pembeni vikavu. Nipe kile kitunguu kilichobanwa na nyama mbili."